Lifti Tupu Hupenda Kupanda

Mtu akikaa katika kazi moja miaka thelathini na moja, watu humsahau jina. Huyu alisahauliwa jina hata na mwenye nyumba aliyemwajiri. Aliitwa Baba Lifti, ingawa hakuwahi kuzaa lifti wala mtoto, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda ndani ya lifti ya jengo la ghorofa saba, kuvuta mlango wa vyuma, kubonyeza kitufe ambacho abiria angeweza kukibonyeza mwenyewe, na kutangaza. "Ghorofa ya pili." "Ghorofa ya tatu." Alitangaza hata akiwa peke yake. Alisema ghorofa isiyotangazwa ni kama haijafikiwa.

Kisha mota ikaungua. Mwenye nyumba alisema kifaa kimeagizwa. Hiyo ni miaka minne sasa, na kama kifaa kile kinakuja kwa miguu, basi njiani kinapumzika sana. Baba Lifti hakuachishwa kazi. Hakuna aliyekumbuka kumwachisha. Kila Jumatatu alishuka ngazi mia moja na arobaini, akafuta vumbi mlangoni, akapaka grisi alipofikia, akakaa kwenye kigoda chake ndani ya lifti iliyokufa hadi saa sita mchana. Wapangaji waliopita na ndoo za maji walimtania, "Tunapanda, Baba Lifti?" Naye aliwajibu, "Nyinyi tangulieni, mimi nawafuata."

Mkewe aliitwa Mama Saba, kwa sababu walikaa ghorofa ya saba, kwenye chumba chini ya paa ambacho hakuna mpangaji mwingine aliyekitaka. Zamani, lifti ilipokuwa hai, ghorofa ya saba haikuwa mbali na kokote. Mama Saba alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani chini kabisa, mlangoni mwa jengo, ambako alishona huku akiwasalimu wote waliopita na kuwakosoa nusu yao. Miguu yake ilimgomea mwaka uleule mota ilipoungua, kana kwamba miguu na mota vilikuwa na mkataba mmoja. Tangu hapo hakushuka tena. Cherehani ilipandishwa, kiti kikasogezwa dirishani, na dunia yake ikawa utosi wa watu.

"Miaka minne naona vipara," alimwambia mumewe. "Nimejua nani ananyonyoka nywele na nani anajipaka rangi. Lakini sura sizioni. Hata mishono siioni. Mtu anaweza kupita na gauni lililopinda kiuno na mimi nisijue!"

"Nikubebe?"

"Nani? Wewe? Utaniacha ghorofa ya tano ukaite wa kukubeba na wewe."

Majirani walijitolea mara mbili. Alikataa mara mbili. Tangu lifti ife, watu watatu walikuwa wameshushwa kwenye ngazi zile kwa kubebwa, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Mama Saba aliwaona wote wakitoka mlangoni, kutoka dirishani pake, wakiwa wamefunikwa. Kwa hiyo alikuwa na msimamo, na msimamo wake ulikuwa na mpangilio kama gauni: atashuka akiwa amekaa, amevaa viatu, kwa lifti ya mumewe, atoke mlangoni akae pale pale ilipokuwa cherehani yake, aangalie watu usoni. Hata kwa saa moja. Baada ya hapo, alisema, watu wanaweza kumbeba watakavyo.

Baba Lifti alijua kwamba jambo hilo linawezekana. Lifti haihitaji mota ili ishuke. Inahitaji uzito, breki, na mtu anayejua kuachia breki kidogo kidogo. Breki ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa ufunguo. Chumba cha mtambo kilikuwa juu ya paa, na mwenye nyumba alikuwa amekifunga kwa kufuli na kuondoka na ufunguo, eti kwa usalama wa wapangaji. Baba Lifti alimwomba ufunguo huo mara sita. Mara ya sita mwenye nyumba alimuuliza, "Kwani wewe bado uko?"

Ndipo ikaja filamu.

Walikuja watu wanane, kamera moja na taa moja. Dairekta alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba mwenye ndevu za miaka hamsini. Alikuwa amezunguka mji mzima akitafuta jengo la mizimu, na alipoliona letu, alisema, hakuhitaji kuongeza kitu. Sisi wapangaji hatukujua kama tushukuru. Mwenye nyumba alimkabidhi jengo kwa siku kumi pamoja na funguo zake zote, zikiwa zimefungwa kwenye waya mmoja kama samaki.

Siku ya kwanza Dairekta alitukusanya kwenye varanda, akafungua daftari.

"Nataka ukweli wa jengo," alisema. "Hapa pana jambo gani la kutisha?"

Mama wa ghorofa ya tatu, tuliyemwita Redio kwa sababu habari zake hazina kifungo cha kuzimia, alijibu kwa niaba yetu. "Maji hutoka Alhamisi."

"Mama, nasema la kutisha."

"Na mimi ndilo nililokujibu, mwanangu. Alhamisi tu."

"Mizimu je? Hamjawahi kuona mizimu?"

"Mzimu gani utakubali kupanga hapa?" alisema Redio. "Hata waliofia hapa walihama."

Dairekta aliandika hilo. Baadaye likasemwa na mwigizaji mkuu kwa sauti ya kutetemeka, na Redio hakuambulia hata ahsante.

Filamu ilikuwa ya usiku mtupu, lakini ilipigwa mchana, kwa sababu umeme wa usiku hauaminiki na waigizaji walikuwa na makwao. Walitundika blanketi madirishani. Usiku wa filamu ile ulianza saa tatu asubuhi na kwisha saa kumi alasiri, wenye blanketi walipozitaka blanketi zao. Damu ilikuwa sharubati. Nzi waliipenda kabla ya mtazamaji yeyote.

Siku ya nne Dairekta alikwama. Hadithi yake ilidai lifti inayotembea yenyewe, na lifti aliyoikodi ilikuwa haitembei hata ikisukumwa. Alikaa ngazini ameshika kichwa. Baba Lifti alimsogelea, akasimama kama anavyosimama mtu aliyekuja kuomba, kumbe safari hii alikuja kutoa.

"Kijana, una ufunguo wa juu?"

Walipanda pamoja. Dairekta alipofungua mlango wa chumba cha mtambo, Baba Lifti aliingia wa kwanza. Kila kitu kilikuwa pale: gurudumu kubwa, waya mnene wa chuma wenye alama nyeupe alizozipaka mwenyewe, moja kwa kila ghorofa, na breki. Alifuta vumbi kwa kiganja. Kisha akashika mpini wa breki, akauachia upana wa kidole. Gurudumu likaanza kuzunguka bila kelele. Chini kule watu wakapiga mayowe: lifti, ambayo haikuwa na mtu wala umeme, ilikuwa inapanda.

"Inapanda yenyewe!" alisema Dairekta.

"Lifti tupu hupenda kupanda," alisema Baba Lifti. "Upande wa pili wa waya kuna chuma kizito, kama mizani ya dukani. Lifti ikiwa tupu, chuma kinashuka, yenyewe inapanda. Ukitaka ishuke, lazima uitie uzito kuishinda mizani. Mtu mmoja hatoshi. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Dairekta, ambaye alikuwa anaangalia jinsi mwanga unavyoingia kwenye tundu la paa.

Hapo Baba Lifti alitoa sharti lake, la kwanza na la mwisho maishani mwake. Lifti itashuka kwa ajili ya filamu mara moja, kutoka ghorofa ya saba hadi chini. Abiria atakuwa mke wake. Wakifika chini, atatolewa na kiti chake aketi barazani.

"Mama ana umri gani?"

"Sitini na tisa."

Baba Lifti alimpeleka akamwone. Dairekta alimtazama Mama Saba dirishani, mwanga ukiwa ubavuni mwake, akazungusha vidole kama fremu.

"Huyu hahitaji hata poda," alimnong'oneza mpiga kamera. "Ana sura ya..."

"Ya nini?" aliuliza Mama Saba, ambaye masikio hayakuwahi kumgomea.

"Ya historia, mama."

"Shati lako limeshonwa na mlevi," alisema Mama Saba. "Bega moja liko juu. Nitakubali."

Alijishonea gauni jipya kwa siku tatu, la bluu iliyokolea, kola nyeupe. Dairekta alitaka avae shuka. Alimjibu kwamba shuka ina zamu yake.

Wakapanga hivi. Mama Saba atakaa kwenye kiti ndani ya lifti, na nyuma ya kiti itawekwa mifuko mitano ya mchanga ili lifti iwe nzito ishuke. Baba Lifti atakuwa juu ya paa kwenye breki. Ataishusha hadi ghorofa ya kwanza na kuisimamisha. Hapo mwigizaji atafungua mlango, amwone kikongwe amekaa gizani, apige ukelele, akimbie. Mlango utafungwa, lifti imalizie ghorofa moja iliyobaki. Chini.

Kwa kawaida, fundi wa lifti aliye juu na mwenzake aliye mlangoni huzungumza kwa kupiga kelele ndani ya shimo. Shusha! Simama! Bado kidogo! Kazi ile yote huendeshwa kwa makelele, na anayenyamaza ndiye anayeua mtu. Kazi ya filamu huendeshwa kinyume. Mtu wa sauti, aliyevaa visikizi vikubwa kama vikombe viwili, alisema hataki kusikia hata pumzi. Simu zote zizimwe. Juzi yake mlio wa simu ulikuwa umemharibia kifo kizuri. Wakakubaliana juu ya spana: wakiwa tayari kuendelea watagonga ukuta wa shimo mara tatu, ngo, ngo, ngo, na Baba Lifti ataachia breki.

"Na hiyo mifuko isiguswe," alisema Baba Lifti kabla ya kupanda.

"Haiguswi," alisema Dairekta. Alikuwa mtu wa kukubali haraka.

Siku ya tisa, saa tano asubuhi, katikati ya usiku wa filamu, Mama Saba aliingizwa ndani ya lifti. Alikuwa amevaa viatu vyeusi ambavyo nyayo zake zilikuwa safi kama za duka, na mkoba mapajani. Baba Lifti alifunga mlango kwa mkono wake.

"Ghorofa ya saba," alitangaza.

"Usinitikise," alisema mkewe.

Alipanda juu ya paa, akaachia breki upana wa kidole. Uzito ukaishinda mizani. Alama ya kwanza ikapita, na peke yake kule juu alisema, "Ghorofa ya sita." Akasema ya tano. Ya nne. Waliomwona akipanda paani siku hiyo walisema kwamba ndiyo mara pekee katika miaka minne walimwona akienda kazini kweli, na kwamba ilikuwa kama kumwona mtu mwingine. Kwenye alama ya ghorofa ya kwanza alikaza breki, lifti ikasimama sawa na sakafu kama zamani. Akasubiri.

Ghorofa ya kwanza, Dairekta alifungua mlango, akatazama kwenye kamera, akanuna.

"Hii mifuko inaonekana."

"Ndiyo inayoshusha lifti," alisema mtu wa sauti.

"Mzimu una mifuko ya mchanga? Watu watacheka. Itoeni."

Wanaume wawili wakaingia, wakaitoa mmoja mmoja. Mama Saba aliwatazama. Alikuwa amekula na kulala na mtu wa lifti miaka thelathini na moja, na mambo mengi ya mizani aliyajua bila kutaka.

"Wanangu, hiyo mifuko mume wangu alisema isi..."

"Mama, kimya kidogo. Tunarekodi."

"Najua mnarekodi, lakini lifti bila uzito itapan..."

"Mama! Tafadhali! Sura hiyo hiyo, usiibadilishe!"

Mwigizaji alifungua mlango akapiga ukelele. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alijikwaa. Mara ya tatu ilikuwa nzuri, na Dairekta alifurahi sana hivi kwamba alisahau kuna mifuko mitano ya mchanga imelazwa kwenye varanda kama walevi. Mlango ukafungwa. Kutoka pale alipokaa Mama Saba hadi barazani ilikuwa ngazi ishirini. Wanaume wawili waliobeba mchanga wangeweza kubeba kikongwe wa kilo arobaini na tano pamoja na gauni lake, wala asingepata muda wa kukataa. Wazo hilo halikumjia mtu yeyote. Kimya, tunarekodi.

Spana ikagonga mara tatu.

Baba Lifti akaachia breki. Alitazama waya, akisubiri alama ya chini, alama ya mwisho, aliyoipaka nene kuliko zote. Badala yake ikaja ya ghorofa ya pili. Aliitazama kama mtu anayemwona marehemu sokoni. Ikaja ya tatu. Gurudumu lilikuwa linazunguka kinyume, na kwa kasi. Alijitupa kwenye mpini kwa uzito wake wote. Breki ya miaka thelathini ilishika, ikateleza, ikatoa moshi, ikashika tena. Lifti ikasimama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, gizani, na kutoka ndani ya shimo ikapanda sauti ya mkewe.

"Baba Lifti! Baba Lifti, mbona tunapanda?"

Alipiga kelele kuelekea chini. "Mifuko iko wapi?" Hakujibiwa. Chini, mtu wa sauti alikuwa ameinua kidole gumba: sauti ilikuwa safi, yenye mwangwi, na hakuna mwigizaji angeweza kuitoa. Dairekta alimwashiria kila mtu abaki alipo. Walirekodi dakika nane. Inasemekana Redio ndiye aliyevunja ukimya, kwa maneno ambayo filamu haikuyatumia.

Walipomwambia ukweli, Baba Lifti aligusa breki akajua yaliyobaki. Utando wake, ule unaolishika gurudumu, ulikuwa umeungua. Ungeweza kuizuia lifti isipande ovyo, lakini hakuthubutu kuuamini kwa uzito wa kushuka na mkewe akiwa ndani. Kulikuwa na njia moja tu salama: kuiacha iende ilikotaka kwenda. Akaiachia upana wa ukucha, akakaza, akaiachia, akakaza, saa nzima. Hakutangaza ghorofa hata moja.

Alipofungua mlango, Mama Saba alikuwa bado amekaa wima, mkoba mapajani, viatu safi.

"Tuko wapi?"

"Nyumbani."

Alimtazama mumewe, mikono yake iliyobabuka, moshi kwenye nyusi.

"Ghorofa ya kwanza wamepaka rangi ya kijani," alisema. "Hukuniambia."

Dairekta aliomba radhi vizuri sana. Alisema sehemu ile itakuwa moyo wa filamu. Alisema mwenye nyumba akiiona ataona aibu na kutengeneza lifti. Kesho yake funguo zilirudishwa, zote, kwenye waya wake, na mwenye nyumba, aliposikia moshi ulitoka wapi, aliongeza kufuli la pili.

Filamu ilionyeshwa miezi mitano baadaye, mchana, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Baba Lifti alivaa koti. Alikaa mstari wa mbele, akavumilia sharubati na mayowe, akisubiri sauti. Ikafika. Lifti ikapanda, giza likaja, na kutoka gizani likatoka ngurumo, sauti nzito ya mwanamume mmoja anayetangaza vifo redioni: MBONA TUNAPANDA? Ukumbi ukaruka vitini. Walikuwa wamebakiza maneno na kutupa mwenye maneno. Sauti ya mama, Dairekta alimweleza mlangoni, haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtu tu.

"Ile yake iko wapi?"

"Tulifuta, mzee. Tulihitaji nafasi."

Alirudi, akapanda ngazi mia moja na arobaini. Mkewe alikuwa anamsubiri.

"Nimo?"

"Umo."

"Sauti yangu inasikika?"

"Watu waliruka vitini."

Alicheka, akarudi dirishani kutazama vipara. Yule mzee alisema uongo mmoja tu katika ndoa yake, na hata huo aliukopa kwenye ukweli.

Kuhusu mwenye nyumba, Dairekta alikosea kidogo. Filamu ilipendwa, na watu wakaanza kuja kuiona lifti yenyewe, wakipiga picha mbele ya mlango wake. Mwenye nyumba hakuona aibu, aliona wageni. Alitundika kibao: LIFTI YA MZIMU. Kuitengeneza sasa kungekuwa hasara. Kile kifaa kilichokuwa kinakuja kwa miguu kilirudishwa njiani. Mtaani, bei ya kitu chochote ikiongezeka, muuzaji na mnunuzi huambiana kwa sauti nzito, "Mbona tunapanda?" na kucheka. Mama Saba alisikia hilo kutoka dirishani na hakujua kwa nini wanamwiga vibaya hivyo.

Alifariki mwezi wa nane, mchana, akiwa kwenye kiti. Tulimvisha gauni la bluu. Baba Lifti alimvalisha viatu mwenyewe, na hakuna aliyemwambia kwamba havihitajiki. Shuka aliikataza isimfike usoni. Ilikuja hadi kwenye kola.

Tulimbeba wanne. Ngazi ni nyembamba, na kwenye kila kona ilibidi tusimame, tugeuze, tupumzike. Kwenye kona ya kwanza yule mzee, aliyekuwa ametangulia, aligeuka akatazama juu.

"Ghorofa ya sita," alitangaza.

Tukaendelea. Alitangaza ya tano. Alitangaza ya nne. Ghorofa ya tatu tulikuta vijana watano waliokuja kuona lifti. Walijibana ukutani kutupisha, wakatazama jeneza lisilo na kifuniko, gauni zuri, mzee anayetangaza, wakatazama nyuma yetu kutafuta kamera.

"Mnarekodi sehemu ya pili?" aliuliza mmoja wao, kwa heshima.

Tuligeuza jeneza kwenye kona. Mwingine akamfinya mwenzake: "Kimya, wewe. Utawaharibia."

Tukapita ya pili. Tukapita ya kwanza, yenye rangi ya kijani. Mlangoni, pale barazani ilipokuwa cherehani, Baba Lifti alinyanyua mkono tusimame. Tukamweka chini. Watu wa mtaani walikuwa wamesimama pande zote mbili, wengi, wote uso kwa uso naye. Mzee alisubiri kidogo, kama anavyosubiri mtu mlango ufunguke wote.

"Chini," alisema.